Tingatinga sebuleni: mnaonaje?

Mpangaji_Temeke: Wakuu, nimepewa zawadi ya picha ya kuchorwa ya Tingatinga, chui na ndege, futi mbili kwa mbili. Mume wangu anasema hiyo ni ya hotelini, si ya nyumba ya watu. Kochi letu la maua, pazia la maua, na picha pekee ukutani ni kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye nyumba naye hataki kusikia msumari. Nifanyeje?

KakaRangi: Mwambie shemeji Edward Saidi Tingatinga, mwenye jina la mtindo huo, alianza kuchora 1968 kwa hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli. Kuna kitu cha uswahilini kuliko hicho? Iegemeze juu ya kabati la vyombo. Usiielekeze dirishani, rangi ile inang'aa mno, utaona mwanga tu chui humwoni. Vumbi, kitambaa kikavu.

BiMkubwa: Kalenda isitoke lakini. Tutajuaje tarehe?

Niko_London: Huku mwaka 1993 msanii wa sanamu Rachel Whiteread alipulizia zege kuta za ndani za nyumba nzima, kisha kuta zenyewe zikaondolewa. Ukabaki uwazi wa vyumba umekuwa jiwe, mpaka alama za mahali pa moto na fremu za madirisha. Januari 1994 ikabomolewa. Mwenye nyumba wako ashukuru, wewe una chui mmoja tu.

Mpangaji_Temeke: 😂 Asanteni. Ila juu ya kabati kuna tivii.

BiMkubwa: Tivii ishuke.