Vifaranga wangu magole yamejaa na kuwa magumu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, niko hapa Dodoma maeneo ya Nkuhungu, nina vifaranga chotara 60 wana siku 12 leo. Tangu juzi naona kama saba hivi magole (vile vifuko vya chakula chini ya shingo) yamevimba, ukishika ni magumu kama umeshika kidonge cha ugali uliolala, na asubuhi kabla sijawapa chakula bado yamejaa vilevile wakati wenzao ni matupu. Wamenywea, mabawa yameshuka, wawili washakufa. Mmoja nikampasua, nikakuta kwenye gole maranda yamejisokota na chenga za mtama, yani hapo ndo nikajilaumu maana stata (chakula cha kuanzia cha vifaranga) iliniishia nikawapa chenga siku mbili bila mchanga wowote wa kusaidia kusaga, na maranda sikuyafunika na magazeti.

Sasa nimetoa maranda yote, jana nikawapa matone mawili ya mafuta ya alizeti na maji ya uvuguvugu nikawa nakanda gole taratibu, watatu limeanza kulainika. Jirani ananiambia niwageuze kichwa chini watapike ila naogopa yale maji yasije yakaingia kwenye mapafu.

Kuna mmoja mdomo unanuka uchachu kabisa na gole lake ni laini kama puto la maji, huyu nahisi ni fangasi, au? Nimtenge nimpe nini? Na hawa wengine niwanyime chakula masaa mangapi wasije wakafa njaa, ni wadogo mno jamani.