Kupika makaratasi ili tuitwe ngazi ya 3 ya CMMI, huu ni uongo kwa mteja!

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Ofisi yetu (jina siweki) inatengeneza mifumo. Menejimenti imetangaza lazima tufike ngazi ya 3 ya CMMI (kipimo cha ukomavu wa utaratibu wa kazi, ngazi ya 1 hadi 5) kwa sababu kuna zabuni wanaiwinda. Tangu hapo kazi imekuwa kutengeneza mafaili. Jana nimeletewa fomu za ukaguzi wa msimbo nisaini: tarehe za nyuma, vikao ambavyo havijawahi kufanyika. Safu ya "makosa yaliyoonekana" imejazwa "hakuna" kuanzia juu mpaka chini, mwandiko mmoja, kalamu moja. Na msimbo unaodaiwa kukaguliwa ni wa sehemu ya malipo, ile inayomkata mteja hela mara mbili mtandao ukiyumba! Tunarekebisha, inarudi, kwa sababu hakuna jaribio hata moja linaloilinda.

CMMI haikuletwa kwa ajili ya upuuzi huu. Watts Humphrey alitoka IBM mwaka 1986 akajiunga na SEI, taasisi ya uhandisi wa programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliyokuwa ikigharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wizara ilitaka kujua mkandarasi yupi wa programu anaaminika. Ndipo ikaja CMM mwaka 1991, kisha CMMI iliyorithi nafasi yake. Ngazi ya 1, kila kitu kinategemea uhodari wa mtu. Ya 2, mradi unapangwa na kufuatiliwa. Ya 3, utaratibu ni wa ofisi nzima. Ya 4 na ya 5 huko takwimu ndizo zinaongoza, tusijisumbue nazo. Kwetu akiugua jamaa wa seva, toleo halitoki. Tuko ya 1, saini yangu haiwezi kubadilisha hilo.

Kinachoniuma zaidi, vipimo vya kweli vipo. Tunapeleka toleo mara ngapi? Badiliko likishaandikwa linamfikia mteja baada ya muda gani? Mangapi yanaharibu mfumo? Ukiharibika, huduma inarudi lini? Vipimo vinne vya DORA hivyo (utafiti wa jinsi timu zinavyotoa programu), na majibu yamo kwenye Git, inakotunzwa historia ya msimbo, na kwenye tiketi za wateja. Nimependekeza tuanze navyo, nikajibiwa vitatuchafua mbele ya mkaguzi!

Fomu sijasaini. Mkaguzi wa CMMI huhoji na wafanyakazi, hasomi mafaili tu, na akinifikia nitamwambia yote. Aliyewahi kukataa jambo kama hili aje aseme: barua kwa bosi uliiandikaje, na kazini walikufanya nini?