Mrejesho: farasi aliyekuwa akinisukuma kwa bega

Wiki sita zilizopita niliomba ushauri kuhusu farasi wangu jike, ambaye alikuwa akinikanyaga na kunisukuma kwa bega kila nilipomwongoza kwa kamba. Nimefuata mliyonieleza: akinisogelea mno sirudi nyuma mimi, bali naitikisa kamba mpaka arudi yeye hatua mbili, na papo hapo naiacha ilegee, kwa kuwa kule kulegea ndiko kunakomfundisha. Kosa langu kubwa, nakiri, lilikuwa kumlisha vitu vitamu mkononi. Sasa chakula kinawekwa kwenye ndoo, naye husubiri umbali wa mkono ulionyooshwa. Jana langoni alisimama mwenyewe, akainamisha kichwa, sikio moja likinielekea. Ninapomwongoza kutoka upande wake wa kulia, bado hunibana.