Seneti yatufaa nini sisi watu wa Lamu, ama ivunjwe tu?

Mtu wa Langoni
Assalaam aleikum wana Lamu. Nina swali, na sitaki matusi. Mimi Seneti huitazama sana kwenye televisheni, na mambo ni yale yale. Dua. Kisha wanafunzi wa shule fulani watambulishwa wakiwa wamekaa kule juu, na kila seneta ainuka kuwakaribisha kana kwamba ni harusi ya mwanawe. Kisha taarifa: huyu ataka kujua kwa nini zahanati ya kwao haina dawa, yule ataka kujua habari za barabara. Kisha mswada wasomwa mara ya pili, wazungumza watu watatu wanne, na ikifika kupiga kura twaambiwa itapigwa siku nyingine kwa sababu ujumbe wa kaunti haujatimia. Ukipita waenda Bunge la Taifa, na miswada mingi ikifika huko hulala usingizi wa pono. Watu 67, mishahara, magari, walinzi. Sisi wa Lamu twapata nini? Si bora tubaki na Bunge moja kama zamani?
(Na wale wa Lamu Mashariki tafadhali wasije na kilio chao cha boti. Hapa twazungumza Seneti.)

Nahodha wa Mkanda
Maseneta ni 68.

Mtu wa Langoni
47 wa kuchaguliwa, 16 wanawake wa kuteuliwa, 2 wa vijana, 2 wa watu wenye ulemavu. Jumlisha, nahodha.

Nahodha wa Mkanda
Na Spika je? Ama yeye ni fenicha?

Bi Mwenye
Ami, hilo Bunge moja "kama zamani" ndilo lililotufikisha tulipo. Seneti ya kwanza ilianza 1963, ikavunjwa mwisho wa 1966, na mpaka irudi 2013 kila kitu kilikuwa kikikatwa Nairobi na sisi tukiokota kinachoanguka.
Nisikilizeni. Mswada ukihusu kaunti, kila kaunti Seneti ina kura moja, na ili upite zatakiwa kura 24. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu milioni 4.4. Lamu ni 143,920, wachache kuliko kaunti yoyote. Kura yetu na yao ni sawa! Bunge la Taifa tuna watu watatu kati ya 349, wabunge wawili na mwakilishi wa wanawake, hata wakipiga kelele mpaka sauti zikauke.
Mmesahau 2020? Walikuja na "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", maana yake pesa zifuate vichwa. Kaunti nyingi za Pwani na Kaskazini zilikuwa zinyolewe. Seneti ikakwama kikao baada ya kikao, Agosti maseneta watatu wakakamatwa siku moja, na hawakukubali. Septemba ndipo fomula ikapita, kwa makubaliano kaunti ziongezwe kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 ili asipoteze mtu. Nionyeshe mahali pengine ambapo watu wachache kama sisi wangeweza kuwasimamisha wakubwa.

Damu ya Kizingitini
"Kilio chao cha boti." Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu.
Bwana Langoni, wewe ukiugua wabebwa kwa mkokoteni dakika kumi umefika. Ngoja nikwambie kilio chetu sisi wa kisiwa cha Pate. Mke wa ndugu yangu alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya, mkunga akasema huyu ni wa kukimbizwa Amu, mjini Lamu. Boti ya wagonjwa ipo, imefungwa pale pale, imepakwa rangi nzuri. Mtu wa zamu akatuambia haina mafuta. Tukazunguka kuwagongea watu milango, huyu mia mbili, huyu lita tano za mashine yake ya uvuvi. Tulipopata, maji yamekupwa. Tukambeba juu ya godoro, matope mpaka magotini, mpaka palipo na kina cha kuelea mashua. Mkanda nao, ule mlango wa bahari wa kwendea Amu, hupitiki maji yakiwa hivyo, ikabidi tungoje mwanamke akiuma kanga. Alifika. Mtoto tulimzika.
Ilikuwa wakati wa gavana gani sisemi, maana mtaanza vyama. Lakini usiite kilio.

Bi Mwenye
Innalillahi. Mungu awape subira, kaka.

Mzee wa Mkunguni
Pole sana mwanangu. Lakini na ukweli usemwe. Watu wa Mashariki ndio mabingwa wa kulia miaka minne na nusu, ikifika kampeni mwapewa kanga na vikoi, wakubwa wawili watatu wapewa bahasha, kisha kura zote ndani ya kikapu kimoja. Mkatae kwanza bahasha.

Damu ya Kizingitini
Na nyinyi Amu bahasha mwazikataa? Mimi nimeona kwa macho yangu foleni Mkunguni hapo hapo kwenye jina lako, watu wakigombania unga.

Mzee wa Mkunguni
Unga ni wa Ramadhani, ni sadaka.

Damu ya Kizingitini
Sadaka ina picha ya mgombea juu ya mfuko?

Kijana wa Wiyoni
😂😂 Mzee amekamatwa. Jamani watu wa Pate na Amu, si haya yaliisha kwenye vita vya Shela zamani zile? Nyinyi Pate mlikuja na majeshi yenu na Mazrui wa Mombasa, mkarudi mkiogelea.

Damu ya Kizingitini
Mlishinda kwa sababu maji yalikupwa vyombo vikakwama. Na mlipokwisha kushinda mkafanya nini? Mkaingiwa na hofu, mkamwita Saidi, mtawala wa Maskati, aje awalinde. Ushindi gani huo wa kutafuta mlinzi asubuhi yake? Mpaka leo mkipata kitu lazima mmwite mtu wa nje awasimamie.

Siyu Fundi
Na Siyu msitusahau. Sisi huyo Saidi tulimpiga akarudi.

Mzee wa Mkunguni
Siyu! Nanyi mmetoka wapi?

Mtu wa Langoni
Jamani, swali lilikuwa Seneti.

Nahodha wa Mkanda
Seneti ni ukumbi mtupu. Akidi yao ni watu 15 tu, na kuna siku kengele yalia wakisakwa hao 15. Ila akiletwa mtu wa kung'olewa utawaona! Oktoba 2024 kwa Naibu Rais Gachagua, kiti kilikuwa hakipatikani, kila mtu amevaa suti ya Idi. Wakimaliza, mswada wa kesho yake wasomwa mbele ya viti.

Bi Mwenye
Nahodha, nimeuliza kuhusu kura moja kwa kila kaunti. Hakuna aliyenijibu.

Nahodha wa Mkanda
Dada, kura moja ya mtu ambaye hayupo ni kura gani? Na sasa wataka mfuko wao. 2025 ule mswada wa kubadilisha Katiba uliopita Bunge la Taifa ulikuwa na mfuko wa maseneta wa usimamizi ndani yake, pamoja na ule wa CDF, wa maendeleo ya majimbo. Msimamizi akishapewa pesa za kutumia, naye atasimamiwa na nani?

Mkulima wa Bahari
Nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Amu, Pate, Siyu, Shela. Kumbe Lamu ni visiwa tu? Sisi wa bara tunaolima ufuta na pamba na maembe hatumo. Tukiuza mazao kodi yetu yaingia kaunti vizuri sana.

Mzee wa Mkunguni
Hakuna aliyewafukuza. Mlikaribishwa.

Mkulima wa Bahari
Mimi nimezaliwa hapa, babangu amezikwa hapa. Nimekaribishwa na nani, mzee?

Kijana wa Wiyoni
Mzee leo nenda kapumzike. Wallahi kila ukifungua mdomo wapata adui mpya.

Karani Mstaafu
Niingie kidogo, nikiwa na umri wa kuwaita nyote watoto. Mambo mawili.
La kwanza, bandari ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mtu akisema wavuvi walipiganiwa na Seneti nitamkatalia. Waliokwenda kortini ni watu wa Lamu wenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe fidia bilioni 1.76, wavuvi elfu nne na mia kitu.
La pili ndilo kubwa. Bwana Langoni umesema boti si habari ya Seneti. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Huduma za ambulensi zimeandikwa. Feri na bandari ndogo zimeandikwa. Ukishamaliza fungua Kifungu cha 96: Seneti hugawa mapato baina ya kaunti, kisha huchunguza zilivyotumika. Sasa boti iliyopakwa rangi na haina mafuta, kama si kazi ya Seneti, ni ya nani? Hizo taarifa mnazozicheka za "zahanati ya kwetu haina dawa" ndizo hizo. Kule husomwa kwa dakika mbili, kamati ikaitisha majibu, na aliyehusika akalazimika kuandika barua na kutia sahihi.

Mtu wa Langoni
Mzee wangu, barua haijazi tangi.

Karani Mstaafu
Hata ukiivunja Seneti halijai.

Damu ya Kizingitini
Mimi Langoni simjibu tena mpaka aondoe lile neno. Lakini karani nakuuliza wewe: mtu wa kawaida anaweza kupeleka hilo jambo bila kumpigia seneta magoti?

Karani Mstaafu
Aweza. Kifungu cha 119, kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni. Laandikwa kwa Kiswahili ama Kiingereza, lapelekwa kwa Karani wa Seneti. Eleza shida, eleza ulikokwisha kulalamika, sema kama liko kortini ama haliko, sema wataka nini, kisha majina, vitambulisho na sahihi. Likisomwa ukumbini kamati hupewa siku 60 kujibu. Usiandike shairi. Andika tarehe, boti, lita.

Bi Mwenye
Mimi nitachapa. Kaka wa Kizingitini nitumie tarehe faragha. Watu wa Kiunga na Ndau waulizwe pia, wao ni mbali zaidi.

Kijana wa Wiyoni
Nipeni kukusanya sahihi Amu, nina pikipiki ya umeme na sina kazi.

Mtu wa Langoni
Haya, nimeliondoa lile neno. Ila sijabadili msimamo, ivunjwe. Nitatia sahihi kabla haijavunjwa.

Mzee wa Mkunguni
Kichwa cha barua kiwe "Sisi watu wa Amu, Pate na sehemu nyingine za Lamu".

Damu ya Kizingitini
Mbona Amu iwe mbele? Boti ni yetu, aliyezikwa ni wetu.

Siyu Fundi
Na "sehemu nyingine" ndiyo Siyu?

Mzee wa Mkunguni
Ni alfabeti tu, jamani. A yaanza.

Karani Mstaafu
Amu si wadi, sheikh. Tumieni majina ya wadi, ziko kumi, kwa alfabeti, tumalize.

Mkulima wa Bahari
Kwa alfabeti ya kwanza ni Bahari. Nangoja karatasi, nina kalamu.