Baiskeli ya tairi moja: nichukue ya mtumba inayolia "tk" au nichomelewe mpya?

Mwana wa Ipagala: Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma. Kuna jamaa anauza baiskeli ya tairi moja, mtumba, laki moja na themanini, ila habu, pale katikati ya tairi, inalia "tk" nikikanyaga. Fundi mmoja ananiambia atanichomelea mpya kwa laki kamili. Jumamosi jamaa anasafiri. Nichukue ipi?

Njiti 36: Mkuu, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema dume au jike. Inchi ngapi? Krenki, yaani mikono ya pedeli, zimefungwa kwa kotapini, kwa ekseli ya pembe nne, au ya meno? Inalia mguu mmoja au yote miwili? Una kilo ngapi?

Shangazi wa Kikuyu: Na picha iko wapi?

Mwana wa Ipagala: Bando limeisha, picha kesho. Inchi 20, pembe nne, kilo 74. Nafundisha watoto sarakasi mtaani.

Njiti 36: Usianze kulaumu habu. Kaza krenki, kaza pedeli, gusa njiti za tairi moja moja. Pedeli iliyokauka grisi inalia vilevile. Halafu shika krenki zote mbili, moja sukuma, nyingine vuta. Ikicheza, itoe uangalie. Kama ni aluminiamu, tundu lake huliwa kabla ya ekseli ya chuma, unabadili krenki tu. Kona za ekseli zikishaviringika, hata ukaze vipi italegea. Beringi nazo zungusha kwa kidole, zikikwaruza zimekwisha. Soma namba ubavuni. Ikiwa 6203 una bahati, hiyo ya milimita 17 kwa 40 kwa 12 ipo hata kwenye mota za umeme, hukosi dukani. Vifuniko vyake usivikaze kwa hasira, unaiua beringi.

Fundi Kavu: Mnamzungusha kijana. Mtumba ni mtumba. Achomelewe, anajua chuma kimetoka wapi.

Babu Tairi: Fundi Kavu ndugu yangu, mimi nilichomelewa. Ekseli ya krenki ya baiskeli ya kawaida, ikaungwa na sahani mbili za kushika njiti. Ilikuwa nzuri, nikapaka na rangi ya bluu. Mwezi wa tatu ikaanza hiyo hiyo "tk", nikasema vumbi la Dodoma hili. Siku mbili baadaye nipo uwanja wa shule moja huko Kongwa, nazunguka na kopo kichwani, miguu ikaenda tairi likasimama. Nilitua na kiganja. Watoto wakapiga makofi, wanadhani ndiyo sarakasi yenyewe! Mkono huu hauinui ndoo ya lita 20 mpaka leo. Nilipookota vipande, nusu ya mkato ilikuwa na kutu ya zamani, nusu inang'aa. Yaani ilishaanza kukatika siku nyingi, mimi napanda tu.

Fundi Kavu: Huyo aliyekuchomelea hakuwa fundi.

Babu Tairi: Ndivyo mnavyosemaga wote.

Shangazi wa Kikuyu: Mwanangu, futa habu ikauke, paka mafuta ya taa, acha nusu saa, futa tena kabisa, kisha sugua chaki. Penye ufa mafuta yatarudi kuchora mstari. Marehemu mume wangu alipima hivyo vyuma vya trekta.

Mwana wa Ipagala: Shikamoo shangazi. Nimefanya, jamaa ananiangalia kama mganga. Krenki haichezi. Karibu na tundu la njiti kuna kamstari, urefu wa punje ya uwele.

Shangazi wa Kikuyu: Marahaba. Huo ni ufa, achana nayo.

Fundi Kavu: Mafuta yamejificha kwenye tundu la njiti, lazima yatoke. Si ufa huo.

Njiti 36: Toa njiti hiyo, rudia. Mstari ukirudi palepale, mwombe apunguze kiasi cha bei ya habu nzima, au muage.

Mwana wa Ipagala: Amegoma kutoa njiti. Anasema nilipe kwanza.

Kibajaji: Samahani kuingilia. Hizo tairi za inchi 20 mnazifanyaje na miiba ya huku? Mwanangu anapata pancha kila akirudi shule.

Babu Tairi: Kata tyubu ya zamani, itandike ndani ya tairi.

Fundi Kavu: Inakula tyubu mpya hiyo.

Babu Tairi: Umeanza tena.