Naomba ushauri: Je, mgonjwa wa saratani ya titi anaweza kusafiri kwa basi hadi Busia kati ya mzunguko mmoja wa kemo na mwingine?

Baba wa Wawili (mwenye uzi)
Wanajukwaa, nawasalimu. Mke wangu, mwenye umri wa miaka 41, alipatikana na saratani ya titi la kushoto mwezi wa Februari. Alifanyiwa upasuaji wa kuliondoa mwezi wa Machi, nami nimemhudumia tangu alipotoka wodini. Hata ule mrija wa kutoa maji kidondani, uliokaa siku kumi na mbili, hesabu zake zote niliziandika mimi. Sasa yuko kwenye kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Daktari amepanga mizunguko minane, mmoja kila baada ya siku 21, na wa pili ameupokea Jumanne hii. Ile dawa nyekundu imemmaliza nywele na hamu ya kula. Tunaishi ghorofa ya nne hapa Umoja, Nairobi, ambako maji hayapandi kila siku. Mama yangu yuko Busia, kwenye hewa safi na mboga za shambani. Nauliza tu: je, anaweza kupanda basi la usiku Jumapili, akapumzike huko hadi siku mbili kabla ya mzunguko wa tatu? Kichwa changu kimejaa, naomba majibu ya wenye uzoefu.

Shangazi wa Kayole
Pole sana, kaka. Mimi nitazungumzia chakula, kwa sababu hapo ndipo dada yangu alipotusumbua. Alilalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, tukadhani anadeka, mpaka tulipombadilishia kijiko cha chuma tukampa cha mti. Uji wa wimbi uliopoa aliunywa, ila wa moto ulimtapisha kwa harufu tu. Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku, wala usimsimamie na sahani kama askari jela. Tena fuatilia bima mapema. Mwaka 2025 kiwango cha SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Cha dada yangu kiliisha mwezi wa Agosti, tukaanza kuchangisha kwenye harusi za watu.

Mzee wa Baraza
Kijana, ulipooa uliapa, na sidhani kiapo chako kilikuwa na kifungu cha Busia. Siku hizi mtu akiugua nyumbani, wa kwanza kutafutiwa nauli ni mgonjwa mwenyewe. Nitakuombea, lakini nawe jiulize.

Nesi Mstaafu
Ndugu yangu, turudi kwenye swali lako, kwa maana ni swali zuri na jibu lake si la kubahatisha. Baada ya kemo, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hushuka, na kwa dawa nyingi za aina hiyo hufika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Wewe unataka kumpandisha basi siku ya sita, akae kitako na abiria wanaokohoa usiku kucha, kisha siku zile mbaya zote zimkute mbali na hospitali yake. Ningeambiwa nichague majuma mabaya ya kumsafirisha, ningechagua hayo hayo.

Na liko jambo linalonitisha zaidi ya basi. Busia ni nchi ya malaria. Mtu akipata homa huko, jirani yeyote atamwambia ameze dawa ya malaria, alale, aone kesho. Kwa aliye kwenye kemo, joto likifika nyuzi 38 hakuna kesho. Ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa saa nane za usiku, na kuwaambia mlangoni kwamba yuko kwenye kemo, ili apimwe damu na kuanzishiwa dawa ya mishipani bila kupanga foleni. Je, mama ana kipimajoto? Kama mkeo amepewa sindano za kuinua chembe nyeupe, mama ana friji ya kuzihifadhi? Daktari amesema nini? Na mkeo mwenyewe amesema nini?

Baba wa Wawili
Nashukuru, dada nesi. Kipimajoto tunacho, naye angekibeba. Sindano alipewa tano, na kwa mama hakuna friji, ingawa jirani yake mwenye duka anayo. Daktari sijamwuliza, kwa sababu kliniki ni mpaka juma la tatu. Niseme ukweli: tiketi nimekwisha kuikata, na mama amepaka chumba chokaa na kununua godoro jipya. Msinielewe vibaya. Mimi ni mtunza bohari katika Eneo la Viwanda, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Mchana mke wangu hubaki peke yake. Ni heri awe na mama, au sivyo?

Nesi Mstaafu
Maswali yangu yalikuwa manne. Umejibu matatu.

Fundi wa Umoja
Tiketi imekatwa, chokaa imekauka, ndipo ushauri unaombwa. Hiyo inaitwa kutafuta mashahidi, ndugu.

Tiba ya Asili
Mwachaneni na kemo. Majani ya mstafeli yachemshwe, anywe asubuhi na jioni, pamoja na mwarobaini. Nina mtu wa kuwaletea mpaka mlangoni.

Nesi Mstaafu
Asipewe majani yoyote bila daktari wake kujua. Ini lake lina kazi ya kutosha. Baba wa Wawili, bado nasubiri.

Baba wa Wawili
Sijamwambia. Nilipanga kumwambia Jumamosi jioni, asipate muda wa kuhangaika. Anapohangaika hapati usingizi.

Shangazi wa Kayole
Mtu mzima, mama wa watoto wawili, apakiwe kama gunia la mahindi! Na hao watoto, utawaachia nani?

Wa Kariobangi
Ngojeni kidogo, msimle mzima. Mke wangu alipitia njia hiyo hiyo miaka sita iliyopita, na leo anameza kidonge chake kila asubuhi na kunigombeza kila jioni. Ndugu, nikuulize jambo ambalo sisi wanaume hatuulizani. Umekwisha kuliona kovu lake? Na usiku unalala wapi?

Baba wa Wawili
Nalala sebuleni, kwenye kochi, tangu Machi. Nilisema ni kwa ajili ya mkono wake wa kushoto, nisije nikaulalia. Kovu sijaliona. Nilimwahidi nitaliona likipona, likapona, nami nikaendelea kusema kesho. Akibadilisha nguo mimi hutoka kwenda kuangalia kama maji yamekuja. Pengine akiwa kwa mama hata yeye atapumzika kuona sura yangu inavyokwepa.

Mshuku
Sasa nitasema wanachokiogopa wengine. Uzi huu umetungwa. Alianza na swali la basi, kisha kukawa na tiketi, kisha mke hajui, kisha kochi; hadithi inayorefuka kila inapoulizwa, mwandishi wake yuko kazini. Angalieni pia: juu kabisa ameandika kwamba aliutunza mrija wa kidondani kwa siku kumi na mbili, na hapa chini anatuapia kwamba hajawahi kuona chochote. Mrija huo ulining'inia wapi, dirishani? Tulieni, nambari ya M-Pesa iko njiani.

Fundi wa Umoja
Nami nimeanza kujiuliza. Hapa kuna mtu alichangiwa figo akaonekana Diani.

Mzee wa Baraza
Hata kama ni hadithi, funzo ni lile lile.

Wa Kariobangi
Mzee, kama ni hadithi basi mimi nimelilia hadithi ndani ya matatu. Mwacheni ajibu.

Baba wa Wawili
Sikusema nilishika mrija. Nilisema niliandika hesabu. Tulifunga leso mlangoni mwa chumba. Yeye alikamua kile kichupa cha mpira, akayamimina maji kwenye kikombe cha kupimia, akanisomea kiasi kutoka upande wa pili, nami nikaandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu, nyuma ya meza za kuzidisha. Daftari hili hapa: 140, 120, 110, 95, 80, 70, 62, 50, 45, 36, 28, 25. Siku ya saba alinyamaza kidogo kabla ya kusoma, nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, andika 62. Nambari ya M-Pesa sina haja ya kuiweka.

Nesi Mstaafu
Mshuku, nimeng'oa mirija hiyo kwa miaka mingi. Hospitali nyingi husubiri maji yashuke chini ya mililita 30 kwa siku, kisha mrija hutolewa. Tazama hesabu mbili za mwisho. Mtunzi wa hadithi angeweka sifuri.

Mshuku
Hayo yanapatikana mtandaoni.

Shangazi wa Kayole
Na leso pia inapatikana mtandaoni? Kaka, nenda ukaongee na mkeo.

Wa Kariobangi
Mimi niliambiwa nimsaidie mke wangu mazoezi ya mkono, yale ya kuupandisha ukutani kwa vidole kidogo kidogo. Kila jioni nilichora alama ya penseli pale vidole vilipofika. Kazi hiyo huwezi kuifanya nyuma ya leso. Kwetu ndiyo iliyonitoa sebuleni, wala sikuona imenitoa.

Baba wa Wawili
Nimerudi. Nilimwambia saa tatu usiku, watoto walipolala. Kumbe alikuwa anajua tangu Jumatano, kwa maana mama alimpigia simu kumwuliza kama dawa zinamruhusu kula omena. Amekaa siku mbili akinisubiri nifungue mdomo. Busia hajaikataa, amesema tutaenda sote mizunguko ikiisha, na sasa mama aje Nairobi yeye, watoto wamhamie sebuleni. Nilipouliza mimi nitalala wapi ikiwa mama na watoto watakuwa sebuleni, alicheka mpaka akashika ubavu. Sasa naomba kuuliza: kampuni za mabasi hurudisha nauli?

Fundi wa Umoja
Pesa kuzipata ni vigumu, lakini ukifika ofisini kwao mapema, pengine watakubali kubadilisha tarehe. Nenda kesho asubuhi, ukaombe tiketi iwe ya mama, ya kuja huku.

Nesi Mstaafu
Na mama akipiga chafya, avae barakoa au asubiri ipite ndipo aje. Tena mpigie daktari simu, usingoje juma la tatu.

Mshuku
Mimi bado nipo. Siku tatu zikipita bila nambari ya M-Pesa, nitaomba radhi.