Mjadala: Je, ni sahihi kubandika lebo mpya kwenye kaseti ya gemu iliyochakaa?

Mtoa hoja, Chumbageni, Tanga

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana limeanza kutugawa sisi tunaokusanya na kutengeneza gemu za zamani hapa Tanga. Mafundi wawili watatu wa mjini sasa wanachapisha lebo kwa printa ya rangi, wanazikata kwa wembe, wanazifunika kwa plastiki angavu, kisha wanazibandika kwenye kaseti ambazo karatasi yake imekwanguka. Kazi yao ni safi, sikatai. Msimamo wangu ni kwamba lebo ya zamani isibanduliwe hata kama kimebaki kipande tu, na kaseti iliyovishwa lebo mpya isiuzwe bila mnunuzi kuambiwa.

Mwaka jana nilinunua kaseti ya Game Boy, ile mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, nikivutiwa na lebo yake iliyong'aa. Nintendo, kampuni ya Japani inayoitengeneza, ilianza kuuza Game Boy mwaka 1989, na lebo za kaseti zake halisi kwa kawaida huwa na namba ndogo iliyokandamizwa kwenye karatasi yenyewe. Ukiitazama kwa mbele huioni, lakini ukiiinamisha kaseti mwanga ukaipiga ubavuni, tarakimu zinajitokeza kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Yangu haikuwa nayo. Nilipofungua skrubu kwa bisibisi yake ya milimita 3.8, nikakuta bodi isiyo na jina la Nintendo popote. Nilikuwa nimelipia lebo.

Najua hewa yetu ya pwani haina huruma. Masika yakiingia, karatasi inavimba, gundi inalegea, pembe zinajikunja. Lakini fundi akishailainisha lebo kwa draya na kuikwangua, mabaki yanaingia kwenye pipa la taka na hayarudi tena. Wengi wetu tumefika Tongoni, kusini mwa mji, tukaona makaburi ya nguzo yenye vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri. Bakuli hazipo, vishimo ndivyo vinavyotueleza kwamba zilikuwepo. Anayevisawazisha kwa saruji ili nguzo ipendeze atakuwa ameufuta ushahidi wa mwisho.

Mchangiaji, Ngamiani

Kaka, hoja yako nimeisoma mara mbili, na kuhusu udanganyifu katika kuuza niko nawe. Kwingine sikubaliani nawe.

Kaseti nyingi tulizochezea mitaani hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa za mashine za kuigiza Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, kaseti zenye pini 60. Lebo zake zilijigamba kwamba ndani mna gemu 9999999, kumbe ni chache tu zinazorudiwarudiwa, hii ikianzia hatua ya tatu, ile ikikuongezea maisha. Nyingine zilikuwa na picha ya gemu ambayo haimo kabisa. Kama lebo ilidanganya tangu siku ya kwanza, mimi ninatunza nini hasa ninapoiacha?

Zaidi ya hayo, mimi nina kibanda, na watoto wanacheza kila jioni. Kaseti isiyo na lebo inachomekwa na kuchomolewa mara tano kabla mtoto hajapata anayoitaka, na kila mara pini zinakwaruzwa. Lebo mpya yenye jina sahihi inarefusha maisha ya kaseti kuliko heshima yako kwa karatasi iliyooza. Kaseti kwangu ni ya kuchezewa.

Mchangiaji, Makorora

Kaka zangu, mimi ndiye ninayechapisha baadhi ya hizo lebo dukani kwangu, kwa hiyo nitasema lililo langu. Mchoro wa lebo una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki ya kuamua nani auzalishe. Nimeacha kutoa nakala za michoro ya kampuni. Anayetaka lebo namwandikia jina la gemu kwa herufi kubwa, na chini yake neno «mbadala» pamoja na mwaka tuliochapisha.

Mtoa hoja

Dada wa Makorora, neno hilo moja pembeni lingeniokolea pesa zangu. Ningependa kila printa mjini iige.

Kaka wa Ngamiani, hoja ya pini sikuwa nimeifikiria, na umenirekebisha. Lakini kuhusu lebo zilizodanganya bado napingana nawe, tena kwa nguvu zaidi. Uongo ule ndio tuliouziwa, na lebo hizo ndizo zinazoonyesha tuliuziwaje. Mezani kwangu ninayo kaseti moja ya manjano. Nusu ya lebo yake imeondoka, zimebaki tisa nne na mkono wa askari aliyeshika bunduki. Juu yake pamebandikwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, na mtoto ameandika kwa kalamu ya bluu: «Ya Barabara ya 14, irudi kesho.» Wino umesambaa kwa jasho la mikono. Fundi aliyenitengenezea pini aliniuliza kwa nia njema kabisa kama angenisafishia uchafu huo.

Kwa hiyo ninapunguza msimamo wangu hapa: kaseti ya kibandani ipewe jina sahihi, lakini liandikwe kwenye karatasi ya dada yetu na kubandikwa mgongoni, upande usio na lebo. Ile ambayo haina budi kubanduliwa ipigwe picha kwanza, na mabaki yake yatiwe kwenye bahasha iendayo pamoja na kaseti. Kaka, ukiwa na za namna hiyo ambazo hujazikwangua, nitapita kibandani Jumamosi baada ya alasiri, nije na kamera na bahasha.